Betri ya Mnara

Kilo arubaini na mbili. Tuliipima Surkhet
kwenye mizani ya muuza viazi,
karani akaandika kwa chaki juu ya boksi: HARAKA.
Hiyo siku ya kwanza. Leo ni ya tisa
na chaki imeliwa na jasho la nyumbu.

Barabara ipo. Ofisini iko ukutani,
mstari mwekundu usiotikisika.
Huku ni vumbi, kona, vumbi,
halafu poromoko, halafu hewa tupu,
na chini kabisa Karnali inasukuma mawe yake
kama mtu anayehama usiku.
Tingatinga limeegeshwa ukingoni tangu mvua za mwaka jana.
Dereva wake, Dilliram, amepanda vitunguu
pembeni ya minyororo yake.

"Nasubiri dizeli," akasema.
Dizeli inasubiri hati ya wilaya.
Wilaya inasubiri Dilliram apige simu.
Simu inasubiri mnara, mnara unanisubiri mimi,
na mimi, bwana, nakusubiri wewe unifukulie njia.
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Nyumbu hapandi kreti ya kuvukia mto.
Betri ilivuka peke yake, ikining'inia kwenye waya,
ikizungukazunguka kama inatafuta kaskazini.
Ng'ambo alikuwepo Jaukala, mchukuzi,
akaupitisha mkanda kwenye paji la uso, akainuka.
Nikamuuliza kama ni nzito.
"Mwaka juzi nilimbeba mama mkwe kumpeleka zahanati.
Alikuwa mzito kuliko hii,
na njia nzima alikuwa anaongea."
Sikuuliza kama walifika.

Kila kijiji walitoka na maneno.
Mwalimu: niambie wakubwa vitabu vimefika,
ila ni vya darasa ambalo hatuna.
Mwenye duka: chumvi, chumvi, chumvi.
Bibi Jaupuri, ambaye mwanawe yuko Doha:
mwambie nyati amezaa, jike, ana doa sikioni.
Karatasi iliisha. Nikaandika mkononi,
kisha kwenye boksi, pale palipokuwa na HARAKA.
"Mimi ni fundi," nikamlalamikia Jaukala, "si tarishi."
Hakugeuka; mkanda haumruhusu.
"Kuna tofauti gani?"

Mnara tuliukuta na pilipili zimeanikwa kwenye ngazi yake
na mbuzi kafungwa mguuni.
Nikafungua, nikafuta kutu, nikakaza nati.
Taa ndogo ya kijani ikafikiri kidogo,
ikawaka.

Ndipo simu za kijiji kizima zikalia kwa mpigo,
kwenye mikunjo ya nguo, mitungini, chini ya mito,
miezi saba ya ujumbe ikishuka kama mawe ya poromoko,
la mwisho likitangulia.

Jaupuri hajui kusoma. Nikamsomea.
*Mama, nimetoka hospitali, natembea vizuri.*
Akashukuru miungu wake mmoja mmoja.
*Mama, usiogope, ni mguu tu.*
Akanyamaza.
*Mama, kesho wananipandisha ghorofa ya tisa,
kupaka rangi. Kule juu kuna upepo mzuri kama wa kwetu.*

Alikaa chini, palepale penye pilipili,
akalia kwa anguko ambalo tayari limepona.
Nilimweleza: bibi, mambo yamekuja kinyume,
hili la mwisho ndilo la kwanza.
Akanishika mkono, ule wenye maandishi.
"Basi bado hajapanda. Andika: asipande."

Niliandika. Nikaongeza na nyati.
Ujumbe ukazunguka, ukazunguka, ukaenda.

Jioni nikampigia Dilliram. Hapatikani.
Bila shaka ameishiwa chaji.

Asubuhi Jaukala aliufunga mkanda tena:
betri iliyokufa lazima irudishwe Surkhet, ndiyo kanuni.
Nilidhani ingekuwa nyepesi.
Akaijaribu kwa paji la uso, akainuka,
akasema ni ileile.